Nukta na Jiwe la Mkunga

Tarehe 4 Machi

Wifi,

Tulitoka hospitali na Mama jana. Anatembea kutoka kitandani mpaka dirishani na kurudi, halafu anakaa na kuilaumu chai. Daktari amesema moyo wake ni wa kubembeleza. Asipewe habari za kumshtua, asipande ngazi, asikasirishwe. Hilo la tatu daktari amelisema kwa sababu hamjui Mama.

Sijamwambia. Kaka Nukta alipofariki Mama alikuwa amelala na mipira puani, nikasema ngoja atoke. Sasa ametoka na mdomo haufunguki. Kila akiamka anauliza, "Nukta hajaandika?" Namwambia yuko kwenye safari zake za kupaka rangi mawe, kama kila mwaka baada ya mvua.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu nikisikia sauti yako nitalia, na Mama anasoma uso wangu kuliko gazeti. Nakuomba kitu kibaya, wifi yangu. Mwandikie kama kawaida. Siku zote wewe ndiye uliyekuwa ukimwandikia, kaka alikuwa anaweka nukta yake chini tu, basi. Simu Mama haisikii, hata ukipiga kelele anakujibu kuhusu mvua. Barua ndizo masikio yake. Mwandikie mumeo hajambo, yuko kazini, utie na zile hadithi za watu wa kwenye mawe anazozipenda. Mpaka apate nguvu kidogo.

Nisamehe. Sina mtu mwingine wa kumwomba.

Wifi yako

&nbsp;

Tarehe 19 Machi

Shikamoo, Mama.

Pole na hospitali, na hongera kwa kutoka. Wifi ameniambia tayari unailaumu chai, nikajua umepona.

Sisi hatujambo. Nukta yuko chumba cha pili, anakohoa lile vumbi lake la mawe. Anasema nikuandikie mimi kwa sababu herufi amezichoka kazini, unamjua. Ofisi ya Mambo ya Kale imemtuma tena apitie mawe yote ya kumbukumbu aliyoyachonga, ayasafishe na kurudishia rangi nyeusi ndani ya maandishi. Mwaka huu nimefuatana naye.

Tulianza na jiwe la daraja la chuma. Tulikaa kwenye basi masaa mengi mpaka miguu ikasahau kazi yake. Jiwe liko palepale, kushoto kabla hujavuka: DARAJA HILI LILIJENGWA NA WANANCHI KWA MOYO WA KUJITOLEA. Nilikuwa nafuta ukungu kwenye herufi, mshona viatu mmoja anayefanyia kazi pale akaniita.

"Dada, mbona unasafisha uongo?"

"Uongo gani, kaka?"

"Hilo neno la mwisho. Babu yangu alijitolea hapo akiwa amefungwa kamba kiunoni. Na aliyeshika ncha ya pili ya kamba, yeye alijitolea kumchapa."

Wateja wake wakacheka, naye akacheka, ila mikono yake ilikuwa imesimama juu ya kiatu, haisogei. Akaniambia babu yake alikuwa akivuka daraja hilo kwenda shambani, na kila akifika katikati anatema mate mtoni. Mpaka leo ukoo mzima wanatema. Hata watoto wake, ambao hawajui kwa nini.

Nimekuwekea hiyo, Mama, maana najua unapenda yale ambayo jiwe halikusema.

Mwanao anakusalimu.

Mkweo

&nbsp;

Tarehe 2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma kwa kile kioo cha kukuzia, kisha nikaisoma bila kioo kwa sababu nilikuwa nimeshaijua.

Masahihisho kwanza. Umeandika "masaa mengi". Hakuna masaa, kuna saa. Nimefundisha darasa la pili mpaka nywele zikawa rangi ya chaki, na bado mkwe wangu mwenyewe ananiletea masaa.

Mshona viatu nimempenda. Lakini mbona alikuita wewe? Nukta alikuwa wapi, amelala chini ya daraja? Barua nzima kazi yake ni kukohoa.

Na nukta yake iko wapi? Pengine hujui jina hilo lilitoka wapi. Alizaliwa mdogo, mkunga akamwinua kwenye mwanga wa taa akasema, "Mwalimu, umezaa nukta." Hilo jina lake la kwenye vyeti hata mimi likiitwa nageuka kutazama nani anaitwa. Alipoingia darasani kwangu alikataa kuandika herufi zote isipokuwa kile kitone juu ya i. Nikampiga? Sikumpiga. Nikamwambia haya, wewe weka vitone, wenzako wataandika zilizobaki. Ndipo akaona wivu, akaanza.

Kila barua uliyoniandikia tangu mfunge ndoa ameweka nukta moja chini, kwa penseli yake ile ya kuchorea mawe, anabonyeza mpaka karatasi inatoboka. Safari hii niliipapasa karatasi kwa nyuma. Laini kabisa.

Mwambie mama yake si jiwe, hana haja ya kuchonga. Kitone tu.

Mama

&nbsp;

Tarehe 10 Aprili

Wifi,

Mama anataka nukta.

Nimekaa na hiyo barua yake kwenye meza tuliyokuwa tukilia chakula, upande wangu, upande wake nimeweka kikapu cha nguo ili pasiwe wazi. Penseli yake ipo. Nimeishika. Ni fupi, ameitafuna kwa nyuma, alama za meno yake zinaonekana.

Ngoja nikwambie ukweli wa safari ile. Nilijaribu kwanza kutunga hadithi nikiwa nyumbani, nikashindwa. Ndiyo maana nilipanda basi peke yangu. Nikanunua brashi ndogo, nikasafisha lile jiwe vizuri. Nilipopitisha kidole ndani ya herufi zake nilihisi mahali patasi ilipoteleza kidogo na yeye akapanyoosha. Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Nilipomaliza nikageuka kumwambia "twende", wifi. Niligeuka kabisa, na mkono nimeunyoosha.

Watu wengi walimjua kaka yako kama fundi. Lakini anavyokunja pua akidanganya, anavyoimba wimbo mmoja akakosea palepale kila siku, hayo tulikuwa tunayajua wawili, mimi na Mama. Majirani wamenipa pole, wamerudi kwenye shughuli zao, na ni haki yao. Mtu ninayemtaka nilie naye ni mmoja, na ndiye ninayemwandikia kwamba mume wangu anakohoa chumba cha pili.

Niruhusu nimwambie. Nitakuja mwenyewe, nitamshika mikono, nitamwambia polepole.

Mimi

&nbsp;

Tarehe 18 Aprili

Wifi,

Hapana. Bado. Juzi alipanda kiti kufuta vumbi juu ya kabati nikamkuta midomo imekuwa ya bluu. Ukimwambia sasa tutazika wawili, na huyo wa pili nitakuwa nimemuua mimi kwa kukuruhusu.

Weka hiyo nukta. Nani anaweza kutofautisha nukta ya mtu na ya mtu mwingine? Ni kitone, wifi. Hata nzi anaweza.

Samahani kwa mzaha. Nimechoka mpaka nacheka ovyo. Chumba changu na chake vimepakana ukuta, na nalia nikiwa bafuni, nimefungulia maji.

Wifi yako

&nbsp;

Tarehe 6 Mei

Shikamoo, Mama.

Saa, si masaa. Nimeandika mara nyingi kwenye gazeti la zamani, kama ulivyokuwa ukiwaadhibu watoto wa watu.

Leo nakuletea habari ambayo nadhani Nukta alikuficha, kwa kukuogopa wewe na kalamu yako nyekundu. Tumetoka kwenye jiwe la mkunga, lile la njia panda karibu na mto. Limeandikwa: HAPA AMEPUMZIKA MKUNGA WA KWANZA WA WILAYA HII, AKIWA NJIANI KUWAHUDUMIA WATU WA NG'AMBO. Chini yake kumefagiliwa, kuna maua kwenye kopo la maziwa. Kando ya njia kuna mwanamke ana cherehani barazani, fundi nguo, mnene, mcheshi, anashona huku anauma pini. Nikamuuliza nani anafagia kaburi.

"Kaburi?" akasema. "Hapo hamna mtu, dada yangu. Mkunga alikufa mzee kabisa, kwao, kitandani, wajukuu wamemzunguka. Hapo alikaa tu kupumzika, mafuriko yalipofunga njia. Fundi wa jiwe ndiye aliyekosea. Ofisi ilimwambia aandike 'alipumzika', yeye akachonga 'amepumzika'. Akamzika mtu mzima kwa herufi mbili!"

Alicheka mpaka akatoa pini mdomoni. Nikamwambia fundi huyo ni mume wangu, naye akaendelea. Ofisi iligundua, ikamtuma Nukta arudi na patasi kusahihisha. Alifika asubuhi, akamkuta mwanamume anafagia. Mkewe alikuwa anavushwa mto akiwa na uchungu wa kuzaa, mtumbwi ukapinduka, hakuonekana tena, yeye wala mtoto. Yule bwana hana kaburi la kwenda. Alipoona jiwe limeandikwa "amepumzika" akajichukulia pale ndipo pake. Nukta akakaa naye. Yule fundi nguo akawapelekea maji. Halafu Nukta akafunga patasi zake kwenye gunia, akaenda kuiambia ofisi kwamba lile jiwe ni dhaifu, likiguswa litapasuka.

"Jiwe zima kabisa!" akasema fundi nguo. "Lile hata ukiligonga na lori. Mumeo ni mwongo mzuri. Yeye hajambo?"

Nikamwambia hajambo.

Nyumbani hakulitaja hilo hata siku moja. Unajua alivyokuwa, Mama, akitoka safari anavua viatu mlangoni, anauliza kuna nini cha kula, basi, safari imekwisha.

Nukta yake hii hapa. Usimlaumu tena.

•

Mkweo

&nbsp;

Tarehe 17 Mei

Mwanangu,

Marahaba.

Barua hii nimeiandika mwenyewe, nimeifunga kwa gundi, na ataipeleka posta jirani. Wifi yako asiione.

Lile kosa la jiwe namsahihisha hapa, kwa kuwa sikupata kulisahihisha kwake. Alipumzika ni mtu aliyekaa, akanywa maji, akapangusa jasho, akainuka akaenda zake. Amepumzika ni mtu ambaye bado yuko vilevile mpaka sasa. Li na me. Kila mwaka nusu ya darasa walikosa hapo, na yeye mwanangu akiwamo. Ila kosa lake hilo ningelipa alama zote. Nimelisoma mara nyingi mpaka nimeona sura ya yule bwana na ufagio wake.

Sasa kosa lako. Nukta uliyoiweka nimeipapasa kwa nyuma. Ni nukta nzuri, ya duara, ya mtu mwenye adabu. Haikutoboa.

Na umeandika: "Unajua alivyokuwa." Mtu anayekohoa chumba cha pili hatusemi alivyokuwa. Tunasema alivyo.

Sikushtuka, kama mnavyoogopa. Nadhani nilikuwa nimeshajua tangu ile barua ya kwanza, mshona viatu alipokuita wewe. Nililala nayo bila kuitazama, kama mtu anavyolala na jino bovu. Hii ya pili ilipofika niliweka kioo mezani, nikakaa. Moyo ulipiga, ukasimama kidogo, ukaendelea. Asubuhi nikailaumu chai ili wifi yako asijue kitu. Anavyonitazama, maskini, kama aliyebeba mayai kwenye kanga. Anadhani amenibeba mimi. Usimwambie najua, ataangusha vyote.

Lakini wewe niandikie. Sentensi nzima, kwa sarufi iliyonyooka. Mwanangu amefanya nini? Lini, wapi, nani alikuwepo? Usinifiche hata nguo aliyovaa. Nilimwona anaingia duniani, nina haki ya kujua alivyotoka.

Mama

&nbsp;

Tarehe 25 Mei

Mama,

Mwanao amefariki.

Hii ni mara ya kwanza kuiandika. Nimeinuka nikazunguka chumba, nikarudi, bado imeandikwa.

Alifariki mwezi wa pili, wewe ukiwa wodini. Kile kikohozi hakikuwa cha baridi. Vumbi la mawe lilikuwa limejaa kifuani, daktari alinionyesha picha, kifua cheupe kama gunia la unga. Aliniambia hospitali wakimruhusu atakuja kukuona, mkae wagonjwa wawili mkigombana juu ya nani anaumwa zaidi.

Alivaa shati la bluu lenye mfuko mmoja, uliloshona wewe. Alilikataa la hospitali, akasema limefungwa nyuma kama aproni ya kinyozi. Muuguzi akacheka akamwacha.

Ilikuwa mchana. Aliomba dirisha lifunguliwe, nikalifungua. Kucha zake zilikuwa na vumbi bado, nikazisafisha kwa njiti ya kiberiti, akasema, "Acha, ndiyo mishahara yangu hiyo." Wodi ya pili walikuwa na redio, wanasikiliza mpira, watu wakapiga kelele. Akaniuliza nani amefunga. Nikasema sijui. Akasema, "Nenda ukaulize." Nilikwenda. Walikuwa wanabishana, ikabidi nisubiri wanielewe. Niliporudi na jibu alikuwa amegeukia dirishani, mkono mmoja juu ya mfuko wa shati. Nilidhani anaangalia nje. Nilisimama pale nikamwambia matokeo, Mama. Nilimwambia yote.

Walikuja watu wengi kumzika. Mafundi wenzake walibishana nani amchongee, kila mmoja anataka, mpaka leo hawajakubaliana. Nami nilikaa katikati ya kina mama, wakaniuliza mama yake yuko wapi, nikasema anaumwa. Nilikutafuta kwa macho hivyohivyo, nikijua hupo.

Nisamehe kwa barua zile mbili. Sikuwa nakudanganya tu. Nilipoandika "Nukta yuko chumba cha pili" nilisimamisha kalamu, kusikiliza.

Mkweo

&nbsp;

Tarehe 3 Juni

Mwanangu,

Nimesoma. Nilifunga mlango nikalia mpaka nikatosheka, ingawa si kutosheka, ni kuchoka. Wifi yako akagonga. Nikamwambia ni vitunguu. Chumbani kwangu hakuna kitunguu wala kisu. Akasema, "Sawa, Mama," haraka haraka, akaondoka.

Barua yako nimeichoma jikoni, asije akaiona. Kabla ya kuichoma niliisahihisha. Haikuwa na kosa.

Nashukuru kwa shati. Nashukuru kwa kucha. Nimekuwa namwona na shati jingine, sasa nimembadilisha.

Hukuniambia nani alikuwa amefunga. Utaniambia ukija. Maana lazima uje, ulale humu chumbani kwangu, kitanda ni kipana. Nitamwambia wifi yako umekuja tushone mapazia. Mchana tutashona, na akienda sokoni tutalia. Sokoni huwa anachelewa, anapenda kubishana bei.

Njoo upesi. Nina mengi ya udogoni mwake ambayo sijampa mtu, na siwezi kuyaandika.

Mama

&nbsp;

Tarehe 28 Juni

Wifi,

Tangu uondoke baada ya mazishi ya Mama nyumba imekuwa kubwa. Nimefua kila kitu. Nimefua hata vilivyokuwa safi.

Kuna neno nilitaka kukuuliza ulipokuwa hapa nikashindwa, watu walikuwa wengi, na wewe ulikuwa kama mtu aliyepigwa. Ulishuka kwenye basi na mkoba wako na kitambaa cha mapazia mkononi, ukatukuta tumeshakaa matangani. Sitasahau ulivyosimama mlangoni na kile kitambaa.

Mama alikuwa amekutandikia upande wa ukutani siku tatu kabla. Kila gari likipita anainuka. Nikamwambia, "Mama, mapazia gani haya ya kungoja hivi?" Akacheka tu. Alikwenda usingizini, wifi, mkono umelala upande wako. Daktari anasema hakusikia maumivu.

Sasa nina mashaka yananila. Siku zake za mwisho hakuuliza tena habari za kaka. Hakuuliza hata mara moja. Barua zako za mwisho sizioni, na kwenye jivu la jiko nilikuta kipande cha bahasha. Na usiku mmoja alinishika shavu akaniambia, "Umefanya kazi nzito, mwanangu," nami sikujua ni kazi gani anayoisema.

Nilimficha kwa miezi yote ile. Nilikula naye, nikamwogesha, nikamtazama machoni, nikadanganya. Niliweza kwa sababu nilijiambia namwokoa. Kama alikuwa anajua, basi alikaa humu ndani analia peke yake kwa ajili yangu, na mimi nipo mlangoni nauliza habari za vitunguu. Hilo sitaliweza.

Niambie, wifi. Ulimwambia? Alijua?

Wifi yako

&nbsp;

Tarehe 5 Julai

Wifi yangu,

Hakujua.

Barua alizichoma kwa sababu yangu. Zilikuwa na mambo ya mke na mume. Nilimlalamikia kaka yako, kwamba harudi nyumbani mapema, kwamba hanisaidii kazi, yale maneno yetu ya wanawake. Akaona aibu usije ukayasoma ukanichukia. Kuhusu kaka alinyamaza kwako ili asiropoke siri yangu, hakuna jingine. Na kazi nzito aliyoisema ni kumuuguza yeye, ambayo uliifanya, na watu wote wameona.

Alimtetea mwanawe mpaka mwisho. Aliniandikia nisimnunie akirudi safari, nimwekee maji ya kuoga, nimsikilize kwanza. Alitaka nije tushone hayo mapazia ili aniambie ana kwa ana jinsi ya kuishi naye.

Alikuwa bado anamngoja. Lala, wifi.

Mimi